Nyota Hazina Pembe

Anayeyaandika haya ni mjukuu wangu wa kike, yule mkubwa aliye sekondari. Mimi sikusoma. Kalamu sijapata kuitumia. Kila ofisi niliyowahi kuingia ilitosheka na kidole changu gumba. Kiswahili nilikipata mahali pawili: katika soko la mifugo, nilipokuwa nikiwauzia ngamia na mbuzi wanunuzi wa kutoka Mwingi na Thika, na katika redio, ambayo nimeisikiliza asubuhi na jioni kwa miaka mingi kuliko umri wa baba yake huyu. Ndiyo maana Kiswahili changu kimenyooka, si kama kile cha wajukuu wangu, ambacho nusu yake ni makelele ya Nairobi. Nimemwonya mwandishi wangu aandike ninavyosema. Asinipambe, wala asinihurumie.

Mambo yalianza mdogo wake, aliye darasa la kwanza, aliporudi nyumbani kutoka shuleni akiwa amebandikwa kitu usoni. Nilimwita, nikamshika kidevu, nikausogeza uso wake karibu na wangu. Ilikuwa karatasi ya rangi ya dhahabu, ya namna ile inayofungiwa peremende, imekatwa ikatokeza ncha tano.

"Hii ni nini?"

"Nyota, awowe. Mwalimu ametupa kwa sababu tumejua zinavyong'aa."

Awowe ni babu. Hivyo ndivyo wanavyoniita wote, hata wale wa majirani.

"Nyota haina pembe," nikamwambia. "Mwenye pembe ni mbuzi."

"Hata kitabuni ina pembe."

"Basi kitabu hicho kimeandikwa na mtu aliyelala ndani ya nyumba maisha yake yote."

Nilimtaka anieleze walivyofundishwa. Akanieleza, huku akicheza na kanzu yangu, kwamba saa tano ya asubuhi mwalimu aliziba madirisha ya darasa kwa maboksi, akawasimamisha watoto wawili wenye tochi. Mmoja alikuwa na tochi ndogo, akasimama karibu na wenzake. Wa pili alikuwa na tochi kubwa, akapelekwa mpaka ukutani kule nyuma. Kisha wakaulizwa ni ipi inayong'aa zaidi. Wakasema ile ndogo. Mwalimu akafurahi sana, akawaambia kuwa nyota nazo ni hivyo: inayong'aa sana huenda ni ndogo iliyo karibu, na hafifu huenda ni kubwa mno iliyo mbali.

Sikuwa na ubishi na maneno yenyewe. Yanaweza kuwa kweli. Nilichokidharau, na mpaka leo nakidharau, ni mtu mzima anayelipwa mshahara kuwafungia watoto ndani ya chumba cha mabati, jua la Garissa likiwa utosini, ili awafundishe habari za nyota. Usiku umejaa nyota tele, hazilipiwi karo, naye anatafuta betri. Kwetu mtoto hakufundishwa kukama ngamia kwa kuonyeshwa ndoo.

Wakati huo mimi na mwanangu tulikuwa na ugomvi wetu, na sharti niueleze, kwa sababu yote yaliyofuata yalitoka humo. Mwanangu ana duka la nguo mjini na nyumba hapa mtaa wa Iftin. Alinileta kwake baada ya mama yake kufariki. Ngamia wangu wamebaki na mpwa wangu, huko upande wa Dagahaley na kuendelea mbele, na kila masika nimekuwa nikipanda lori niende nikakae nao wakati maziwa ni mengi. Siku hizo ndizo ninazohesabu kuwa naishi. Zilizobaki nimeketi tu kwenye kiti cha plastiki, nikisubiri chai.

Mwaka huu mwanangu alikataa. Alisema sitatoka Iftin mpaka daktari aniangalie macho. Ushahidi wake ulikuwa wa kitoto. Nilikuwa nimemimina chai kando ya kikombe mbele ya wageni. Nikamjibu kuwa kikombe kiliwekwa vibaya. Nilikuwa nimeifukuza kwa fimbo ndoo nyeusi ya maji nikidhani ni mbuzi wa jirani; nikamjibu kuwa ndoo haina haki ya kukaa mlangoni. Nilikuwa nimelalamika mara nyingi kwamba tangu nihamie mjini nyota zimechujuka, zimekuwa kama chumvi iliyomwagikiwa maji. Hilo nililieleza kwa sababu zilizo wazi: taa za barabarani, vumbi la pikipiki, moshi wa jenereta. Hakuna aliyenipinga. Katika nyumba yetu mzee hapingwi. Anakubaliwa, kisha watu wanaendelea na mambo yao.

Basi siku chache baada ya ile nyota ya karatasi, yule mdogo alileta ujumbe. Mwalimu alikuwa akiwaomba wazee wenye kuzijua nyota wafike shuleni baada ya magharibi, wazungumze na watoto nje, uwanjani. Nilicheka kwa pua. Kumbe alikuwa amegundua kuwa nyota zinapatikana nje! Hata hivyo nilikubali papo hapo, na sikukubali kwa ajili yake. Nilitaka mwanangu aje, asimame pale mbele ya watu, aone macho yangu yakifanya kazi ambayo yake hayajawahi kuifanya.

"Ukiridhika," nikamwambia, "Jumamosi unanipandisha kwenye lori bila neno."

"Na nisiporidhika, aabo?"

"Usiulize maswali ya kipumbavu."

"Nauliza tu, baba yangu."

"Basi daktari wako ataniona. Umefurahi?"

Akasema amefurahi, akarudi kwenye simu yake.

Nilikuwa na uhakika kwa sababu nilijua ni kipimo gani nitakachowapa wale watoto. Ni kile nilichopewa mimi. Upande wa kaskazini kuna nyota saba, nne zimekaa kama kitanda na tatu zimefuatana kama mkia. Ile ya katikati ya mkia inang'aa vizuri, kila mtu anaiona. Lakini ubavuni mwake, karibu kugusana nayo, iko nyingine ndogo, hafifu. Babu yangu alikuwa akiwasimamisha wajukuu wake wa kiume wanapofikisha miaka saba, ngamia wakishakamwa, anamwonyesha kila mmoja ile ya katikati na kumwuliza: unaona ngapi? Anayesema mbili anapewa ngamia na kwenda nao mbali. Anayesema moja anabaki na mbuzi karibu na boma. Hapakuwa na rufaa. Kaka yangu, aliyenizidi mwaka mmoja, aliona moja. Alilia, akasema anaona mbili, akaulizwa ya pili iko upande gani, akakosea. Alichunga mbuzi hadi alipoota ndevu. Wala sikumhurumia. Mtu asiyeona mbali hutembea na ngamia wa watu wengine mpaka kwenye meno ya simba, na akirudi mikono mitupu anasema hakuona.

Mimi niliona mbili. Nilipokuwa mzee wa boma, niliwapima hivyo hivyo wanangu na wapwa zangu, na huyu mwenye duka aliona moja. Nafikiri ndiyo maana akawa mwenye duka.

Jioni ile tulifika uwanjani giza likianza kuingia. Wazazi walikuwa wamekuja, akina mama wengi na baba watatu. Mwalimu ni kijana wa kutoka bara, viatu vimeng'arishwa katika mji wa mchanga, jambo linalonieleza vya kutosha kuhusu mtu. Alinisalimia kwa salamu ya Kiislamu, neno kwa neno, kama aliyeikariri njiani. Mlinzi akazima taa ya lango. Mwalimu akarudia mchezo wake wa tochi, safari hii kwenye mchanga, watoto wakapiga makofi. Kisha akasema, "Watoto, leo tuna mgeni aliyeziishi nyota." Hakuna aliyeziishi nyota. Tumeishi chini yake, tukiwa na njaa. Lakini nilisimama.

Niliwaambia hivi: "Nyota inayong'aa sana ni ya kila mtu. Hata punda anaiona. Mchungaji anajulikana kwa nyota hafifu."

"Punda wetu anaona vizuri, awowe," mtoto mmoja akadakia, "lakini akikataa kuvuta mkokoteni anajifanya haoni."

Watu wakacheka. Mama yake akamwambia, "Nyamaza wewe, hujaitwa."

"Mwache," nikasema. "Angalau amewahi kumtazama punda. Sasa geukeni wote kaskazini."

Wakageuka. Mimi sikuhitaji kutafuta. Katika miezi hii, baada ya magharibi, zile saba zinakaa pale zinapokaa, kama mlango wa nyumba yangu unavyokaa pale unapokaa. Niliinua fimbo nikaonyesha. Niliwaambia watazame mkia, watazame ile ya katikati, wauone weupe wake, kwamba usiku huu unang'aa kama povu la maziwa yanayotoka kukamwa. Niliwaambia wamtazame mdogo aliyejibanza ubavuni mwake, mkimya, mwanga wake ukipepesa kama anayeogopa kuamshwa. Nilisema vizuri. Nakumbuka niliipenda sauti yangu mwenyewe.

"Haya. Mnaona ngapi?"

Nikasikia viatu vikikwaruza mchanga.

"Nimeuliza mnaona ngapi?"

"Hakuna," akasema yule mtoto wa punda.

"Hakuna? Zote saba hakuna? Macho yenu yameliwa na simu! Mnalala mkiziangalia, mnaamka mkiziangalia. Babu yangu angewapa kuku mchunge, si mbuzi."

"Wallahi hakuna, awowe."

"Usiape juu ya ujinga wako."

Ndipo nikahisi kanzu yangu ikivutwa. Ni yule mjukuu wangu mdogo, mwenye nyota ya karatasi. Alitaka niiname. Sikuinama. Akasema kwa sauti ya chini kabisa, sauti ya kuficha jambo, "Awowe, huko kuna wingu."

Ningekuwa mtu wa kusikia minong'ono, mambo yangeishia kati yangu naye. Lakini maisha yangu yote watu wamesema nami kwa sauti, nami nikajibu kwa sauti.

"Wingu gani?"

Watoto wengine walikuwa wakingoja tu mmoja aanze. "Wingu kubwa! Limefunika huko kote! Awowe, ni wingu la mvua!"

Nilikuwa nimewasifia nyota iliyo nyuma ya wingu. Nimewaeleza na weupe wake.

Mwalimu akajitosa kuniokoa, na sijui kama nitamsamehe. "Watoto," akasema, "mzee anazijua nyota kiasi kwamba anaweza kutuelezea hata zile zilizofunikwa. Tumpigie makofi." Wakapiga. Nimetukanwa na madalali sokoni, nimetukanwa na askari, lakini sijawahi kutukanwa kama nilivyotukanwa na makofi yale.

Nilimshika yule mdogo bega, sasa nikainama mwenyewe. "Na upande wa kusini?"

"Huko ni peupe, awowe. Ziko nyingi."

"Zinang'aa?"

"Sana. Ziko nne zimekaa kama mbao mbili zilizopishana, na pembeni mbili kubwa, na kuna kadogo sana hapa ndani, unakaona?"

Nilitazama kusini alikoelekeza kidole. Niliona weusi, na juu ya weusi kitu kama majivu yaliyopakwa kwa kiganja. Majivu yale nilikuwa nayajua, niliyaona kila usiku, na kila usiku niliyaita mji. Kumbe mtoto wa miaka sita alikuwa amesimama kando yangu, chini ya taa zile zile na vumbi lile lile, akihesabu kadogo sana.

"Nakaona," nikasema. Huo ulikuwa uongo, na mwandishi wangu nimemwambia auache hapo hapo.

Njia nzima ya kurudi mwanangu hakusema. Nilingoja aseme, kwa kuwa nilikuwa na majibu. Tulipofika mlangoni nikachoka.

"Sema."

"Niseme nini, aabo?"

"Umeshinda. Sema ulichoshinda."

"Sikushinda kitu."

"Ulijua tangu lini?"

Akafikiri. "Tangu mwaka juzi. Siku uliyonisalimia mimi ukaniuliza habari za watoto wangu, ukidhani ni jirani."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ukasema ni mimi niliyebadilisha sauti."

Nililikumbuka jambo hilo. Nilikuwa nimelikumbuka daima kama siku mwanangu alipokuwa na mafua.

Nikamwuliza kuhusu kule kwa ngamia, maana kule, nilimwambia, naona vizuri. Kule mwaka jana nilimtaja kila ngamia jike kwa jina akiwa bado mbali, na vijana wakastaajabu. Akainama kufungua kamba za viatu, na alizifungua kwa muda mrefu kuliko kamba zinavyohitaji.

"Mpwa wako aliwavisha kengele," akasema. "Kila mmoja ya sauti yake. Ili uweze kuwataja."

Sikulala vizuri, lakini sitaandikisha habari za kutolala. Kila mzee halali. Nitasema tu nililolifikiria. Nilifikiria siku za masika ya mwaka jana, nilipowatuma vijana wapeleke kundi upande fulani kwa sababu niliona majani, wakaitika "ndiyo, abti," kama mpwa anavyomwitikia mjomba wake, na jioni kundi likarudi kutoka upande mwingine limeshiba. Nilidhani wamenitii. Nikajiuliza babu yangu angefanya nini na mchungaji wa namna hii. Nilijua. Angemwuliza swali moja, kisha angempa mbuzi, na mzee yule asingeona haya kunitamkia hivyo mbele ya watu. Kipimo nilichowatolea wengine hukumu kwa miaka arubaini kilikuwa kimenipima mimi mbele ya darasa la kwanza, na nilikuwa nimeona hata pungufu ya moja.

Asubuhi nilimwambia mwanangu anipeleke. Hakushangilia, akajua la kufanya. Kliniki ilikuwa na foleni ya watu waliokuwa wakilalamika wote kwa pamoja. Muuguzi, msichana wa umri wa mjukuu wangu, alinifunika jicho moja na kuniinulia mkono.

"Mzee, vidole vingapi?"

"Ni vitano, isipokuwa kama umekatwa."

Akacheka mpaka akashika meza. "Awowe, ninavyoonyesha mimi ni vingapi?"

"Niambie wewe, ni vyako."

Daktari aliniangalia kwa taa yake, muda mrefu, akinipumulia usoni. Akasema nina mtoto wa jicho, pande zote mbili, na kwamba ni jambo la kawaida. Nilimwambia kwamba nimezaa watoto tisa na hakuna hata mmoja aliyejificha kwangu miaka yote hiyo bila kuomba kitu. Akasema huyu anatolewa, kwamba kazi yenyewe ni fupi, kwamba wazee wengi wa mifugo hutoka hapo wakihesabu mbuzi wao tena. Nilimwuliza ni wangapi waliotoka bila kuhesabu. Akanijibu kwa uaminifu kuwa wapo, wachache. Hapo nikaanza kumheshimu kidogo.

"Na nikitoka nikiwa naona," nikamwuliza, "naweza kwenda kwa ngamia?"

"Baada ya wiki kadhaa. Vumbi si zuri kwa jicho jipya."

"Masika itakuwa imekwisha."

"Itakuwa imekwisha, mzee. Sitakudanganya."

Mwanangu alikuwa ameketi kando yangu. Angeweza kuniambia kuwa niende tu, niwataje ngamia kwa kengele zao, nirudi nimefurahi. Vijana wangeitikia "ndiyo, abti" mwaka mwingine mzima, na mwaka wa tatu, mpaka kufa kwangu. Nadhani alikuwa tayari kuniruhusu, kama ningemwomba. Sikumwomba.

Lori liliondoka Jumamosi bila mimi. Dereva alipita kunichukua, akapiga honi, akaniita, "Mzee, panda, tunachelewa!" Nilimpa blanketi langu ampelekee mpwa wangu, na ujumbe: awavue ngamia kengele zile zote, abakishe ile moja ya kiongozi iliyokuwa ya haki tangu zamani. Mtu mzima hachezewi. Nitakapofika nitawataja kwa macho, au nitakaa na mbuzi na kunyamaza.

Jumanne wananipasua. Daktari alitaka kupanga siku za macho yote mawili kwa pamoja, nimemkatalia. Nimempa la kulia. La kushoto, kwa ubovu wake wote, litabaki likimchunga yeye, mpaka nimjue ni mtu wa namna gani.